Kuwasilisha makala kwenye jarida la supakondakta na usumaku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na wahadhiri chipukizi wanaochunguza sumaku na supakondakta, yaani vitu ambavyo vikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Mengi yaliulizwa kwenye korido za idara, mengine kwa simu usiku wa manane mtu akiwa amekwama kwenye ukurasa wa kupakia mafaili. Mfano wangu mkuu ni Journal of Superconductivity and Novel Magnetism la kampuni ya Springer. Lilianza mwaka 1988, wakati wanafizikia walikuwa bado hawalali kwa ajili ya kauri mpya za shaba na oksijeni, na jina lake la sasa lilianza kutumika 2006. Taratibu za majarida jirani hazitofautiani sana, kwa hiyo majibu mengi yatakufaa hata ukienda kwingine. Kabla ya kuwasilisha, soma maelekezo kwa waandishi kwenye ukurasa wa jarida lenyewe siku hiyohiyo, kwa kuwa hubadilika.

Nitajuaje kama kazi yangu inalifaa jarida hili?

Fungua matoleo ya miaka miwili iliyopita usome vichwa na ikisiri. Ukikuta makala tano au sita ambazo kwa dhati ungezitaja kwenye kazi yako, umefika nyumbani. Usipokuta hata moja, huenda kazi yako ni ya jarida lingine. Kama umetengeneza waya au koili, tazama IEEE Transactions on Applied Superconductivity au Superconductor Science and Technology. Kama ni sumaku tupu, kwa mfano feriti za kobalti ulizopika kwa njia ya soli na jeli, Journal of Magnetism and Magnetic Materials lina wasomaji wengi wa jambo hilo. Physical Review B hutaka hoja ya kifizikia iliyo nzito kuliko "tumetengeneza, tumepima".

Jiulize pia swali gumu zaidi: makala yangu inamwambia msomaji jambo gani ambalo jana hakulijua? Kubadilisha asilimia ya zinki kutoka 2 hadi 10 na kupima kila kitu upya ni kazi ya jasho, lakini jasho halitoshi kumridhisha mhariri. Eleza kwa nini zinki, na imekufundisha nini kuhusu chanzo cha usumaku wa kitu hicho.

Ni lazima nilipe ili kuchapishwa?

Hapana, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimewaona vijana wakiacha kuwasilisha kwa hofu ya ada. Jarida hili ni mseto. Ukichagua njia ya kawaida, ambapo wasomaji na maktaba ndio wanaolipia usajili, mwandishi hatozwi kitu. Ukichagua usomaji huria, ambapo kila mtu duniani anaisoma bure tangu siku ya kwanza, hapo ndipo ada huingia, nayo ni kubwa kuliko mshahara wa mwezi wa wahadhiri wengi wa kwetu. Misamaha na mapunguzo ambayo wachapishaji huzipa nchi zenye kipato kidogo kwa kawaida huhusu majarida yaliyo huria kabisa, si haya ya mseto. Kwa hiyo angalia vizuri unachokibofya baada ya makala kukubaliwa: ukurasa wa kuchagua leseni huja haraka, na mtu aliyechoka anaweza kusaini deni bila kujua.

Ukichagua njia ya bure, bado unaweza kuwafikishia wasomaji kazi yako. Nakala ya awali unaweza kuiweka arXiv, hazina ya mtandaoni ambako wanafizikia huweka miswada isomwe bure, na ile iliyokubaliwa baada ya mapitio unaweza kuiweka kwenye hazina ya chuo chako miezi 12 baada ya kuchapishwa.

Ukinzani wa sampuli yangu umeshuka hadi sifuri. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makala nyingi hufia.

Mita ya volti husoma sifuri kwa sababu nyingi. Supakondakta ni mojawapo tu. Gundi ya fedha ikibanduka kwenye mguso mmoja wa volti sampuli inapopoa na kusinyaa, utaona sifuri safi. Umeme ukipata njia nyingine ndani ya sampuli isiyo sare na kuikwepa miguso yako ya volti, utaona sifuri, au hata ukinzani hasi. Ndiyo maana mhakiki, yaani mtaalamu anayeombwa na mhariri kuipima kazi yako, atakuuliza: ulitumia miguso minne? Ulibadilisha mwelekeo wa mkondo? Ulipima kwa mikondo tofauti? Ulipima ukiwa unapoza na tena ukiwa unapasha? Yajibu kwenye sehemu ya mbinu kabla hajauliza, na uweke picha ya sampuli ikiwa na nyaya zake.

Nusu ya pili ya ushahidi ni sumaku. Mwaka 1933 kule Berlin, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waligundua kwamba supakondakta huufukuza uga wa sumaku kutoka ndani yake. Hiyo ndiyo tofauti yake na kipitishi kikamilifu cha kufikirika. Mhakiki atataka kuona grafu mbili kwenye mchoro mmoja: sampuli iliyopozwa bila uga kisha ikapimwa ndani ya uga, na ileile iliyopozwa ndani ya uga. Atataka kujua uga ulikuwa wa ukubwa gani, na ni sehemu gani ya ujazo wa sampuli iliyogeuka kuwa supakondakta. Kwa vizio vya SI, suseptibiliti ya ujazo (kipimo cha jinsi kitu kinavyouitikia uga wa sumaku) ya supakondakta kamili ni −1. Ukipata −0.002, huna supakondakta: una sampuli yenye chembe chache za supakondakta ndani yake, na makala inapaswa kusema hivyo. Ukipata −1.6, usishangilie. Umesahau kusahihisha umbo la sampuli, kwa kuwa kidonge bapa na sindano ndefu haviupokei uga kwa namna moja.

Tazama walivyofanya Georg Bednorz na Alex Müller wa maabara ya IBM karibu na Zürich. Mwaka 1986 waliona ukinzani wa kauri ya lantani, bari, shaba na oksijeni ukianza kuporomoka kwenye jotoridi la takriban 30 K (kelvini, kizio cha jotoridi kinachohesabiwa kuanzia sifuri halisi), juu ya kila kilichojulikana wakati huo. Makala waliyoipeleka kwenye jarida la Zeitschrift für Physik ilibeba kichwa kilichoanza kwa neno lenye maana ya "huenda". Hawakuwa na kipimo cha sumaku bado, wakasema wanachokijua na wakaishia hapo. Kipimo cha sumaku kilifuata. Mwaka 1987 walipewa Tuzo ya Nobel. Neno "huenda" halikuwapunguzia heshima hata chembe.

Linganisha na kilichotokea Julai 2023, nakala za awali kutoka Korea Kusini zilipodai kwamba kitu kilichoitwa LK-99 ni supakondakta kwenye jotoridi la kawaida la chumbani. Ndani ya wiki chache maabara za nchi kadhaa zilikipika upya. Ule mporomoko wa ghafla wa ukinzani ulielezwa na salfidi ya shaba, Cu2S, iliyobaki kama uchafu, ambayo hubadilisha muundo wake karibu na 385 K. Yaani jibu lilikuwa tayari kwenye vitabu vya kemia. Kabla ya kuandika neno supakondakta kwenye kichwa cha makala, orodhesha kila uchafu unaoonekana kwenye mionzi ya eksi ya sampuli yako, kisha utafute kila mmoja wao hufanya nini kwenye jotoridi lilelile.

Sampuli yangu haina chuma, kobalti wala nikeli, lakini inavutwa na sumaku. Ni ugunduzi?

Inawezekana. Lakini kwanza tazama kibano ulichoishikia. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba tabaka jembamba la oksidi ya hafni likishikwa kwa kibano cha chuma cha pua, hupata usumaku wa kutosha kuonekana kama ugunduzi mpya. Vifaa vya kupimia sumaku siku hizi ni vyepesi kuhisi kiasi kwamba vumbi la chuma lisiloonekana kwa jicho hutoa histeresi (kitanzi cha grafu kinachoonyesha usumaku wa kudumu) nzuri ya kuchapishwa. Tumia kibano cha plastiki au cha titani. Pima kishikio kitupu. Pima poda uliyoanza nayo kabla ya kuipika.

Kuna alama mbili ambazo mhakiki mzoefu huzitambua mara moja. Kigongo cha grafu karibu na 50 K mara nyingi ni oksijeni ya hewa iliyonaswa ndani ya kifaa ikaganda. Safisha chumba cha sampuli kwa heliamu na upime tena. Badiliko karibu na 120 K linanukia magnetiti, Fe3O4, ambayo hubadilika hapohapo. Ukiyaona haya na ukayaeleza mwenyewe, mhakiki atakuamini kwenye mengine. Ukiyaacha ayagundue yeye, atatilia shaka kila ukurasa.

Na vizio, tafadhali. Wengine huandika emu kwa gramu, wengine oersted, wengine tesla, na makala moja hubeba vyote vitatu. Chagua mfumo mmoja. Kelvini haina alama ya digrii.

Maabara yetu haina heliamu kimiminika wala mashine ya SQUID ya kupimia usumaku hafifu sana. Tutachapisha kweli?

Ndiyo, ukichagua swali linalolingana na ulichonacho. Zebaki, ambayo Heike Kamerlingh Onnes aligundua mwaka 1911 kwamba ni supakondakta, ilihitaji kufika chini ya 4.2 K, na heliamu ni ghali na adimu kwetu. Lakini tangu 1987 tunayo kauri ya itriamu, bari na shaba inayogeuka kwenye 93 K, juu ya 77 K ambayo naitrojeni huchemkia. Na naitrojeni kimiminika ipo Afrika Mashariki kwa sababu isiyohusiana na fizikia: vituo vya uhimilishaji wa mifugo, kama kile cha Usa River karibu na Arusha, huhifadhia mbegu za madume. Kidonge cha kauri hiyo, tanuri linalodhibitika vizuri, miguso minne na chupa ya naitrojeni vinatosha kwa kazi nzuri kuhusu namna upikaji na oksijeni vinavyobadilisha mkondo ambao kauri inaweza kuubeba.

Vipimo vya sumaku vya jotoridi la chini mara nyingi hufanywa kwa ushirika na maabara za nje. Ukituma sampuli, kubalianeni kwa maandishi mapema nani atakuwa mwandishi, nani atamiliki data ghafi, na nani ana haki ya kuzichapisha. Dai upewe mafaili ghafi, si picha za grafu peke yake. Mtu hawezi kumjibu mhakiki kwa picha.

Kazi yangu yote ni ya kompyuta. Wahakiki hutaka kuona nini?

Wanataka waweze kuirudia bila kukupigia simu. Andika programu na toleo lake (kama ni Quantum ESPRESSO, toleo lipi), faili za viini mbadala vya atomi (pseudopotentials) ulizotumia, aina ya ukadiriaji wa nishati ya elektroni, kiwango cha U (nishati ya elektroni kusukumana kwenye atomi moja) kama umekitumia na kwa nini hicho, kikomo cha nishati, na msongamano wa gridi ya nukta za k, yaani nukta za mawimbi ya elektroni ambazo hesabu hufanywa juu yake. Onyesha kwamba matokeo hayabadiliki ukiongeza viwango hivyo. Kama unadai kitu kipya kipo, onyesha mitetemo yake ya kimiani: ikiwa na masafa ya kufikirika, kitu hicho hakisimami. Kama umekokotoa jotoridi la usupakondakta, usifiche thamani ya μ*, namba inayowakilisha jinsi elektroni zinavyosukumana. Wengi hutumia kati ya 0.10 na 0.15, na kubadilisha kati ya hizo mbili kunaweza kusogeza jibu kwa kelvini kadhaa. Toa jibu kwa thamani zote mbili.

Nina ushauri mmoja wa moyoni hapa. Makala zinazochukua mchanganyiko mmoja wa Heusler (familia ya aloi za metali, nyingi zikiwa na usumaku) baada ya mwingine na kukokotoa jedwali lilelile ni nyingi kupita kiasi. Vijana wetu wanaohitimu shule za ASESMA, yaani mafunzo ya Afrika ya kukokotoa sifa za vitu kwa kompyuta, zilizoanza 2010 na kufanyika Eldoret mwaka 2012, wana ujuzi wa kuuliza maswali makubwa kuliko hayo. EAIFR, taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki iliyopo Kigali tangu 2018, imewaleta jirani washauri ambao zamani ilibidi kuwafuata kwenye kituo cha fizikia cha Trieste, Italia. Watumieni.

Kiingereza changu si kizuri. Nitakataliwa kwa hilo?

Utakataliwa mhakiki asipoelewa ulichopima. Sarufi yenye makosa madogo haijawahi kuua kazi nzuri. Andika sentensi fupi. Sema ulifanya nini, ukaona nini, unafikiri ni kwa nini. Maneno makubwa kama "ya kimapinduzi" na "ya kwanza duniani" yafute yote.

Njia inayowasaidia wanafunzi ninaowasimamia ni kueleza kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mwenzao wa idara nyingine. Mahali unapogugumia kwa lugha yako mwenyewe ni mahali ambapo fizikia yenyewe bado haijakaa sawa, na hakuna mhariri wa lugha atakayeliponya hilo.

Programu za akili unde unaweza kuzitumia kunyoosha lugha. Haziruhusiwi kuwa mwandishi, na zikitumika kwa zaidi ya kunyoosha lugha lazima useme kwenye makala. Zinapoongeza marejeo, kagua kila moja, kwa sababu hubuni makala ambazo hazipo. Mhariri akikuta marejeo mawili ya uongo, hataendelea na la tatu.

Mfumo unataka jina la kwanza na jina la ukoo. Mimi nina jina langu, la baba na la babu. Niandike lipi?

Chagua mpangilio mmoja na usiubadilishe maisha yako yote. Wengi wetu hatuna jina la ukoo kwa maana wanayoitaka wao. Tunaita jina letu, kisha la baba, kisha la babu. Mwaka huu ukitumia la baba na mwaka kesho la babu, kompyuta zitakuhesabu watu wawili, na makala zako zitagawanyika. Jisajili ORCID, rejesta ya kimataifa ya namba za watafiti, ni bure, upate namba yako, uiweke kwenye kila makala. Kina dada wanaoolewa katikati ya masomo, hili linawahusu sana: jina mliloanza kuchapishia halilazimiki kubadilika kwa sababu kitambulisho kimebadilika.

Barua pepe nayo iwe ile itakayoendelea kufanya kazi. Za vyuo hufungwa mtu akihitimu, na maoni ya wahakiki hurudi baada ya wewe kuondoka.

Nani aandikwe kama mwandishi?

Aliyechangia wazo, kipimo, uchambuzi au uandishi, na aliye tayari kuitetea kazi. Mkuu wa idara aliyesaini fomu ya ununuzi wa kemikali anastahili shukrani mwishoni. Najua ilivyo vigumu kwa kijana kumwambia hivyo mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Mwombe msimamizi wako alibebe hilo kwa niaba yako. Ni sehemu ya kazi yake. Na fundi wa maabara aliyekaa usiku kucha akilinda tanuri na kurekebisha mfumo wa jotoridi, mwulize kama mchango wake si wa kumfanya mwandishi. Mara nyingi ni hivyo.

Barua kwa mhariri iandikweje?

Nusu ukurasa. Swali, jibu, kwa nini wasomaji wa jarida hili, na tamko kwamba kazi haiko kwenye jarida lingine kwa wakati huohuo. Ukiombwa kupendekeza wahakiki, taja watu ambao umewasoma kweli, wasiokuwa marafiki wala washirika wako, kwa anwani zao rasmi za vyuo.

Naogopa mhakiki ataniibia wazo. Nifanyeje?

Hofu hii ina historia. Mwanzoni mwa 1987, kundi la Paul Chu na Maw-Kuen Wu lilipoipeleka kauri yao ya 93 K kwenye jarida la Physical Review Letters, muswada uliandikwa Yb, yaani iterbiamu, mahali palipotakiwa Y, itriamu. Kosa lilisahihishwa muda mfupi kabla ya kuchapishwa. Chu alisema ni kosa la uchapaji. Wengine hadi leo wanaamini ilikuwa kinga. Nakusihi usijaribu. Leo ukiweka kosa kwa makusudi kwenye muswada, hilo ni udanganyifu.

Kinga yako ni arXiv. Weka nakala ya awali kwenye sehemu ya supakondakta au ya sumaku siku unayowasilisha, na tarehe itabaki pale mbele ya macho ya ulimwengu. Springer wanaruhusu. Mara ya kwanza arXiv inaweza kukutaka udhaminiwe na mtu aliyekwisha kuchapisha humo. Mwombe msimamizi au mshirika wako, na umtumie muswada ausome kwanza.

Data ghafi nizihifadhi kwa muda gani, na kwa nini wananiomba tamko la data?

Zihifadhi miaka mingi kuliko unavyodhani utazihitaji, mahali pawili tofauti, pamoja na daftari la maabara. Sababu yake taaluma yetu inaijua kwa uchungu. Jan Hendrik Schön wa maabara ya Bell Labs huko Marekani alichapisha mfululizo wa makala kwenye majarida makubwa kabisa, zikiwemo za usupakondakta kwenye fuwele za kaboni. Watu waligundua kwamba grafu za vipimo tofauti zilikuwa na mtetemo uleule wa kelele, yaani mitikisiko ya bahati nasibu ya kifaa, nukta kwa nukta. Kelele ya kweli hairudii umbo lake. Kamati ya uchunguzi ilipomwomba mafaili ghafi mwaka 2002, alisema aliyafuta kwa kukosa nafasi kwenye kompyuta. Kamati ilimkuta na hatia kwenye madai 16 kati ya 24, akafukuzwa kazi, na makala zikafutwa moja baada ya nyingine. Hata karibuni, makala mbili za jarida la Nature zilizodai usupakondakta kwenye jotoridi la chumbani, ya 2020 na ya 2023, zimefutwa, na mjadala ulikuwa juu ya namna data zilivyochakatwa.

Kwa hiyo ukitoa kelele ya nyuma kwenye kipimo cha sumaku, onyesha kabla na baada. Ukilainisha grafu, sema. Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni, hupokea data bure na kukupa kitambulisho cha kudumu. Kuandika "data zitatolewa kwa anayeomba" kunaruhusiwa mara nyingi, lakini mimi siku zote nawaambia wanafunzi waziweke wazi. Mtafiti wa chuo kisichojulikana akiweka data zake mezani, hakuna anayeweza kumdharau kwa anwani yake.

Jibu huchukua muda gani?

Mhariri akiona haifai, siku chache hadi wiki kadhaa. Ikienda kwa wahakiki, hesabu miezi. Ikipita miezi mitatu kimya, andika barua fupi ya adabu ukitaja namba ya muswada. Usiandike kila wiki.

Nimeambiwa nifanye marekebisho makubwa. Je, wamenikataa kwa upole?

La, umepewa nafasi. Soma maoni, yafunge, lala, uyasome tena kesho. Kisha nakili kila hoja ya mhakiki, na chini yake andika jibu na ukurasa ulipobadilisha. Hoja aliyokosea yeye, mjibu kwa kipimo au kwa mlinganyo. Akikuomba kipimo usichoweza kufanya, sema wazi kifaa hakipo, kisha upunguze dai lako lilingane na ushahidi uliobaki. Wengi husahau njia hii ya kupunguza dai. Dai dogo lililothibitishwa huchapishwa. Dai kubwa lenye pengo hurudishwa tena na tena.

Akikutaka utaje makala zake saba zisizohusiana na kazi yako, mwandikie mhariri faraghani.

Na ikikataliwa?

Irekebishe kwa maoni uliyopewa kabla ya kuipeleka kwingine, maana duru yetu ni ndogo na mhakiki yuleyule anaweza kuipokea tena kwenye jarida la pili. Mchapishaji anaweza kukupa fursa ya kuihamishia kwenye jarida lake lingine. Kabla ya kukubali, angalia kama hilo la pili linatoza ada. Rufaa ikate pale tu ambapo mhakiki amekosea jambo la ukweli, na uonyeshe kosa hilo kwenye aya moja.

Nimepata barua pepe: jarida la fizikia litachapisha makala yangu ndani ya siku tano kwa dola mia moja. Nikubali?

Usikubali. Hakuna mhakiki makini anayesoma kazi ya usumaku, akakagua vizio na kuandika maoni, na mwandishi akajibu, vyote ndani ya siku tano. Tazama kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, kama wahariri wake ni watu unaoweza kuwapata kwenye kurasa za vyuo vyao, kama kuna makala yoyote humo uliyowahi kuihitaji. Nimemwona kijana mmoja akilipa kwa fedha alizokopa, na kamati ya kupandishwa daraja ikaikataa makala hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Na kwa kuwa ilikwisha kuchapishwa, hakuweza kuipeleka mahali pengine.

Makala imeshachapishwa, na sasa nimegundua kosa langu mwenyewe.

Mwandikie mhariri leo. Kama kosa halibadilishi hitimisho, kwa mfano kizio kilichokosewa kwenye mhimili wa grafu, jarida litatoa sahihisho litakaloungwa na makala yako daima. Kama linaangusha hitimisho, kwa mfano ule usumaku ulitoka kwenye kishikio cha sampuli, omba iondolewe na ueleze sababu kwa maneno yako. Waambie waandishi wenzako kwanza, kisha na yule mwanafunzi wa chuo kingine aliyekuandikia mwezi uliopita kwamba anaanza kuijenga kazi yake juu ya yako, ili asiwashe tanuri bure.